Kifungo cha Akiba

Jumapili, Kibuye, mvua ikiwa bado haijaamua,
Wilkista alikata kamba za robota
na watu wakaingia kwa mikono, kwa viwiko,
kila mtu akiwinda kamera,
ile nguo ya kwanza, isiyo na doa.
Mimi sigombani. Mimi ni wa cherehani.
Huwa nangoja kitakachoangukia matope.

Likaanguka gauni.
Jeusi, nilidhani. Kisha wingu likasogea
na weusi ule ukawa biringanya iliyoiva.
Wilkista akautazama mgongo, wazi hadi kiunoni,
akacheka: "Nani atalivaa hili kanisani?
Leta mia mbili, Roselida, ukakate vitambaa vya makochi."

Nyumbani nililigeuza ndani nje,
maana nguo hudanganya upande wa juu.
Nikachomoa uzi mmoja kwenye mshono wa bitana,
nikauwashia kiberiti.
Ulinuka nywele zinazoungua.
Jivu likavunjika kidoleni kama unga wa wimbi.
Hariri.
Si ile ya midomoni mwa wachuuzi.

Lebo ilikuwa na maandishi ya vijumba vijumba,
kila kimoja na paa lake, na dirisha lake,
na namba moja niliyoifahamu: tisa.
Malinda, mia moja na kumi na mawili.
Niliyahesabu mara mbili, kwani mara ya kwanza
stima ilipotea nikiwa tisini.

Na chini ya kwapa la kushoto, mshono wa mkono.
Mtu alichanikiwa hapo, akicheza,
au akiinua mkono kusimamisha teksi,
na mtu mwingine akaketi na sindano nyembamba
akafuata uzi kwa uzi
kama anayemsuka mtoto aliyelala.
Mwaka wa thelathini huu niko kwenye kazi hii.
Nilijaribu kuuiga kwenye kipande cha shuka.
Sikuweza.

Usiku ule nililivaa.
Chumba changu cha Manyatta kina hatua nne
toka mlangoni hadi kwenye jiko.
Nilizitembea zote nne.
Likawa linanong'ona vifundoni,
kama mvua inayoanzia kwa majirani.
Zipu ya ubavuni iligoma katikati. Sikuilazimisha.
Nguo ya kuazima haisitiri, tuliambiwa.
Hii sikuiazima, mgongo ulikuwa nje,
na bado nilisitirika.

Felgona alipiga picha, akazituma anakojua yeye.
Siku ya tatu simu ikalia toka Nairobi,
sauti ya upole, sauti ya daktari:
Usilifue. Usilitundike.
Lilaze juu ya karatasi nyeupe.
Akamtaja aliyelibuni, huko Japani,
jinsi mtu anavyomtaja marehemu baba yake,
akataja na mwaka.
Pima kwapa hadi kwapa. Elekeza lebo kwenye mwanga.
Elfu arobaini, akasema.

Kisha akaiona picha ya kwapa.
"Aah. Kumbe limeshonwa. Thelathini na mbili."

Elfu nane, kwa sababu ya sindano ile.
Nilitaka kumwambia, bwana,
hapo unapokata ndipo bei ilipo.
Nikasema, "Sawa." Karo haina masikio.

Mwisho akauliza, kama anayerudisha mlango taratibu:
hakuna kitu kingine kilichokuja nalo?
Kadi, bahasha, chochote?

Ndani ya bitana kulikuwa na kifuko cha karatasi
kisichozidi kucha ya kidole gumba,
na ndani yake kifungo kimoja cha kombe la chaza,
na uzi wa akiba, rangi ya biringanya,
umezungushwa mara saba.

"Hakuna," nikasema.

Kifungo kiko kwenye mkebe wa kakao
pamoja na vya mashati ya shule.
Uzi niliutumia Ijumaa, kwapani mwa sweta ya Felgona.
Uzi kwa uzi.
Ukiutazama mshono kwa mbali hauonekani.
Ukiutazama kwa karibu,
tafadhali, usiutazame kwa karibu.
Bado najifunza.